Farasi wa Mbio na Ng'ombe wa Maziwa

Msomaji, iko kanuni moja katika mchezo wa mbio za farasi ambayo yafaa uijue kabla sijakuomba uingie nami katika ubishi. Kanuni hiyo yasema kwamba dawa inaweza kuwa halali zizini na ikawa haramu uwanjani. Farasi akiugua hutibiwa, kwa kuwa hapana mwenye akili akatazaye mnyama kutibiwa. Walakini kila dawa ina siku zake za kungojea, na siku hizo zisipotimia farasi hashindani. Akishindana, akashinda, kisha mkojo wake au damu yake ikaonekana ina masalio ya dawa, ushindi huondolewa, na mkufunzi wake hana budi kujibu hata akiapa kwamba habari hiyo hakuijua.

Watu wa huko hawafanyi mzaha katika jambo hili. Mwaka 1968 farasi aitwaye Dancer's Image alifika wa kwanza katika mashindano makubwa ya Kentucky, nchini Marekani. Mkojo wake ulipopimwa ulionekana una fenilbutazoni, dawa ya kutuliza maumivu ya viungo, naye akanyang'anywa ushindi. Mwaka 2021, katika mashindano hayo hayo, farasi Medina Spirit alishinda, na katika damu yake ikapatikana betamethazoni, pikogramu 21 katika kila mililita. Pikogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni, kisha kila kipande kikagawanywa mara milioni tena. Kwa chembe hiyo ambayo jicho haliwezi kuiona, mnamo Februari 2022 ushindi wake ulifutwa.

Hapana shaka utauliza: mambo haya yatuhusu nini sisi tukaao Busia na Malaba, ambao farasi wengi tuliowaona ni wa picha? Uwanja wa mbio hizo ulio maarufu katika nchi yetu ni ule wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, na kutoka kwetu hata huko ni safari ya siku nzima. Jibu langu ni hili. Farasi wa mashindano, ambaye nyama yake hatuli wala maziwa yake hatunywi, ana daftari la dawa lililo kamili kuliko ng'ombe ambaye maziwa yake yamo katika chai yako ya asubuhi. Tena nasema kwamba jambo hili halikutokea kwa bahati mbaya. Wakuu wa mbio za Uingereza walipopiga marufuku madawa mwaka 1903, sababu kubwa ilikuwa fedha: wenye farasi na wenye kuweka dau walichoka kudanganywa. Penye kamari palipatikana mpimaji mara moja. Penye kikombe cha mtoto, mpimaji bado yuko njiani.

Tazama namna ng'ombe anavyotibiwa kwetu. Ng'ombe amepatwa na nagana, au ndigana kali, au kiwele chake kimevimba na kutoa maziwa yenye mabonge. Mwenyewe huenda katika duka la dawa za mifugo, akaeleza ugonjwa kwa maneno, akauziwa chupa au pakiti. Huichoma sindano mwenyewe, au humwita jirani ambaye watu humwita daktari kwa sababu ana bomba la sindano. Uzito wa mnyama hukadiriwa kwa macho. Pakiti iliyokusudiwa ng'ombe mmoja mkubwa hugawanywa kwa wawili waliokonda, na wote wawili hupata pungufu. Tarehe haiandikwi popote. Kesho yake alfajiri mchuuzi hufika kwa baiskeli au pikipiki, humimina maziwa katika mtungi wake pamoja na maziwa ya nyumba nyingine kumi, akaenda zake mjini. Mnunuzi aliye mwangalifu sana hunusa, na mwenye kipimo hutumbukiza laktometa. Laktometa hujulisha kama maziwa yametiwa maji. Penisilini haijulishi kabisa.

Na bado kipimo cha halali kipo, kimeandikwa. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 chini ya mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, lile la chakula na kilimo na lile la afya, imeweka kwamba lita moja ya maziwa isizidi mikrogramu 4 za penisilini, wala mikrogramu 100 za dawa za jamii ya tetrasaiklini. Silinganishi ukali wa dawa hizi na zile za farasi, kwa maana dawa ni mbalimbali na makusudi ni mbalimbali. Nalinganisha bidii. Kwa farasi, sheria ina mkono wa kuchota mkojo na maabara ya kuupima. Kwa ng'ombe wa mchuuzi, sheria ni karatasi iliyolala kabatini.

Wako watakaonijibu kwamba maziwa huchemshwa. Kuchemsha ni jambo jema, na yeyote anywaye maziwa mabichi ya mtungi aache leo, kwa kuwa moto huua vijidudu. Lakini dawa si kijidudu. Dawa nyingi za namna hii hazimalizwi na mchemko wa sufuria ya jikoni, na mtu ambaye mwili wake haupatani na penisilini aweza kudhurika kwa maziwa yaliyochemka vizuri kabisa. Mama zetu wanaogandisha maziwa wanaijua alama moja bila ya maabara: maziwa yametengwa vema, kibuyu ni safi, siku zimepita, nayo yamekataa kuganda. Yako mambo mengine yawezayo kuyazuia, lakini mara nyingi ni dawa iliyomo ndani yake iliyoua vijidudu vyema vya kugandisha. Aghalabu jirani mwenye husuda hulaumiwa, na bomba la sindano halilaumiwi.

Wengine watasema kwamba masalio haya ni kidogo mno. Ni kidogo, nakubali. Udogo huo ndio ninaouogopa. Alexander Fleming, aliyeivumbua penisilini, alionya mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel, kwamba kijidudu kikipewa dawa pungufu isiyokiua hujifunza kuistahimili. Miaka mingi baadaye wataalamu walikadiria kwamba katika mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya vijidudu vilivyokwisha kuzoea dawa. Silaumu ng'ombe kwa vifo vyote hivyo. Hospitali na wanadamu wamezoea kula vidonge ovyo nao wana sehemu yao kubwa. Nasema tu kwamba zizi nalo ni shule ya vijidudu, na sisi tumeacha mlango wake wazi.

Usinidhanie kuwa adui wa dawa. Mtu wa mpaka huu hawezi kuwa adui wa dawa za ng'ombe akiwa anajua historia ya kwao. Ng'ambo ya mpaka, katika Busoga na pwani ya ziwa, ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya 200,000 mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mbung'o wa vichaka vya kando ya mito, kama Malaba na Sio, hawakuulizwa pasipoti. Vimelea vya malale ya upande huu hukaa ndani ya ng'ombe, naye ng'ombe aweza kuonekana mzima kabisa huku akimtia mbung'o sumu ya kumpelekea mchungaji. Kwa hiyo kumtibu ng'ombe ni kumlinda mtu. Mgonjwa wa mwisho wa malale aliyeambukizwa na kugunduliwa humu humu nchini Kenya alionekana mwaka 2009, na mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba ugonjwa huo si tatizo la umma tena katika nchi yetu. Ushindi huo ni wetu. Lakini dawa kuu tunazowachoma ng'ombe kwa ajili ya nagana ni zile zile zilizotokea katika miaka ya 1950 na 1960. Warithi wake hawajafika. Kila pakiti igawanywayo kwa wawili inawafundisha vimelea kuzidharau, na siku zitakapodharauliwa kabisa hatuna nyingine ya kutoa mfukoni.

Sasa nifikie hoja iliyo ngumu, ambayo siwezi kuipita upesi. Mfugaji maskini ataniuliza: Mwalimu, wanitaka nimwage maziwa siku tano? Maziwa hayo ni karo, ni sukari, ni mafuta ya taa. Swali hili ni la haki. Tajiri mwenye farasi akingoja siku kumi, hupoteza shindano moja. Mama mwenye ng'ombe mmoja akingoja siku tano, hupoteza chakula. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wale wanaotaka askari waanze kwa kumkamata mama huyo. Tuanze kwingine. Muuza dawa aandike katika stakabadhi jina la dawa, tarehe, na siku ambayo maziwa yatafaa kuuzwa tena. Kalamu haimpunguzii faida. Chama cha ushirika kinachonunua maziwa kiweke akiba ndogo ya kumfidia mwanachama anayesema kwa hiari yake, "Leo yangu msiyachukue." Asemaye kweli asiwe ndiye mwenye kupata hasara peke yake. Na daktari wa mifugo apatikane karibu, kwa bei ya mtu wa Amukura na Funyula, ili aweze kuchagua dawa yenye kungojewa siku chache pale inapofaa.

Mpakani kwenyewe kuna ajabu yake. Upande wa Kenya dawa za mifugo husimamiwa na kurugenzi iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 2015. Upande wa Uganda ziko chini ya mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. Baina ya mabwana hao wawili kuna barabara moja ya kuvuka kwa miguu. Bei ikishuka upande mmoja, chupa huvuka. Bei ya ng'ombe ikipanda, ng'ombe huvuka. Lori la mizigo husimama Malaba likaonyesha karatasi zote lilizo nazo, ilhali fahali aliyechomwa sindano juzi hupita njia ya panya usiku, na kesho yake yuko buchani. Huko Ulaya, farasi aliyewahi kupewa fenilbutazoni haruhusiwi kuliwa maisha yake yote, na hayo huandikwa katika cheti chake. Nyama ya farasi ilipogunduliwa mwaka 2013 imeuzwa kama ya ng'ombe, hofu moja ilikuwa dawa hiyo. Sisi tunacho kibali cha kusafirisha mifugo, kimo katika sheria tayari. Natoa hoja kiongezwe mstari mmoja tu: dawa ya mwisho aliyopewa mnyama, na tarehe yake. Na serikali mbili zikubaliane mstari huo usomwe pande zote mbili.

Mkimbiaji wetu akikutwa na dawa katika mwili, nchi nzima huzungumza, na tangu mwaka 2016 tunayo sheria ya kumhukumu. Ni vema. Huyo hatumnywi.

Nawe, msomaji uliye shuleni, likizo ikifika itafute nyumbani chupa moja ya dawa ya ng'ombe uisome lebo yake yote. Siku za kungojea utazikuta kwa herufi ndogo sana, mbili mara nyingi: za nyama na za maziwa. Zitakuwa kwa Kiingereza, na pengine kwa Kifaransa. Mwenye ng'ombe husema Kiteso, au Kisamia, au Kikhayo, na sokoni husema Kiswahili. Msomee kwa sauti, kisha uandike tarehe kwa makaa juu ya mlango wa zizi.