Staa Unamchafua Prodyuza, Kumbe Kompyuta Yako Ndiyo Inapunguza Sauti!

Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kashinda wiki nzima mitandaoni akimuanika prodyuza wake, eti kamharibia ngoma. Mashabiki nao bila kuuliza wakavamia ukurasa wa jamaa, matusi ya kila rangi, mpaka mke wake kaingizwa. Sasa ukweli ni huu: ngoma haina tatizo. Tatizo liko kwenye kompyuta ya sebuleni kwa staa mwenyewe.

Iangalieni vizuri ile klipu aliyoposti kwa mkono wake. Kakaa na washkaji, kompyuta mezani, sabufa pembeni, ngoma mpya inapiga mpaka glasi zinatetemeka. Mara unasikia mlio wa simu ya video. Anapokea, ni dada yake aliyeko Muscat, naye anataka kusikiliza. Hapo hapo ngoma inanywea! Staa anapandisha sauti hadi mia, wapi. Anakata simu kwa hasira, anageukia kamera aanze kumchana prodyuza, na huku nyuma besi inarudi kama kawaida. Maelfu wametazama, wamecheka, wametukana, na hakuna aliyejiuliza imerudije.

Miksi mbovu ni mbovu toka mwanzo. Haisubiri dada apige simu.

Kinachofanya hivyo ni Windows. Ikigundua kuna simu kwenye kompyuta, inapunguza sauti nyingine zote kwa asilimia 80 ili umsikie anayekupigia. Si ugonjwa, kompyuta nyingi zinakuja zimepangwa hivyo. Kuondoa ni dakika moja: fungua Control Panel, ingia Sound, nenda kwenye Communications. Utakuta machaguo manne: kuzima sauti nyingine zote, kupunguza asilimia 80, kupunguza asilimia 50, au kutofanya chochote. Chagua hilo la mwisho, bonyeza OK, basi.

Na fundi aliyeitwa naye apewe lake. Mtu wa karibu na staa anasema fundi alikuja, akagonga sabufa mara mbili, akatangaza kadi ya sauti imekufa na inatakiwa mpya. Imekufa vipi wakati simu ikikatwa inafufuka? Fundi wa kweli anaanza na vitu vya bure. Waya wa spika uko kwenye tundu la kijani au umechomekwa la maiki? Sauti haijahamia kwenye tivii au iafoni za Bluetooth zilizosahaulika chumbani? Kwenye orodha ya programu zinazotoa sauti, kivinjari hakijashushwa peke yake? Maana kila programu ina kipimo chake, kikubwa kinaweza kuwa mia huku cha YouTube kiko kumi. Ukiona hivyo vyote viko sawa ndiyo uanze kutaja hela.

Wapo wanaosema staa ana haki ya kulalamika, kalipa pesa yake. Sawa, alalamike. Lakini prodyuza alimtumia meseji usiku uleule, kwa heshima kabisa: "Bro, isikilize kwenye gari au kwenye simu kwanza." Jibu lake likawa kublokiwa. Huyo alikuwa anatafuta kiki, si sauti. Ngoma inatoka mwezi ujao, na hakuna tangazo la bure kuliko ugomvi.

Mwenzake hana jina kubwa la kuchezea. Studio yake ni chumba kimoja cha kupanga, ukutani kabandika trei za mayai, na mteja anakuja kwa kusikia sifa tu. Toka posti ile itoke, wasanii wawili wachanga wameomba warudishiwe advansi. Karudisha. Kodi ya chumba inamsubiri.

Taarifa za juzi ni kwamba aliyerekebisha kompyuta ni mpwa wake staa, dogo wa kidato cha tatu, kabla hata chai haijapoa. Sasa hivi dada akipiga kutoka Muscat, ngoma inaendelea kupasua na staa anacheza mbele ya kamera. Ile posti ya kumchafua prodyuza bado iko pale pale juu ya ukurasa, ila komenti kazifunga.