Oicha: mwendo wa magari upimwe kwa watu, si kwa madereva peke yao

Kila gari au pikipiki ikigonga mtu hapa kwetu, maneno ni yale yale. "Motari alikimbiza." Ama: "Mtoto alikatiza barabara bila kuangalia." Tunamlaumu motari, tunamlaumu mama wa mtoto, kisha tunarudi nyumbani. Hatuulizi ni nani anapanga mwendo wa magari katikati ya watu, na anahesabu nini kabla ya kuupanga.

Basi tujue namna mainjinia wa barabara wanavyofanya. Njia moja ya zamani, iliyotoka Marekani, ni hii: wanasimama kando ya barabara wakati haina msongamano, wanapima mwendo wa magari, wanayapanga kutoka la polepole hadi la kasi. Mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, ndio unakuwa msingi wa namba ya kibao. Wanasema madereva wengi wana akili, hawataki kufa, na kibao ambacho wengi hawakifuati hakina kazi.

Kwa barabara inayopita porini, sababu hiyo ina uzito. Lakini angalieni aliyehesabiwa: ni dereva tu. Mama mwenye bidoni ya lita 20 mgongoni hakuhesabiwa. Mtoto wa shule hakuhesabiwa. Msukuma chukudu hakuhesabiwa. Tena greda ikipita na mashimo yakizibwa, madereva wanakimbia zaidi. Ukipima upya, namba inapanda. Ni kama kumuuliza mbuzi ale mihogo kiasi gani.

Na sisi tumebadilika. Sheria ya barabara ya nchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Wakati ule hakukuwa na pikipiki hizi zote, wala familia zilizokimbia mauaji vijijini hazikuwa zimebanana kando ya barabara ya taifa namba 4. Leo kwa familia hizo barabara ni uwanja wa nyumba: ng'ambo ndiko kuna maji, soko na shule.

Kuna njia nyingine. Mwaka 1997 bunge la Uswidi liliamua kwamba barabara ipangwe kufuatana na kile mwili wa mtu unaweza kuvumilia. Hesabu yake si ngumu. Gari la kilomita 30 kwa saa, kwenye lami kavu na breki nzima, linasimama ndani ya mita kama 13. La kilomita 60 linahitaji mita kama 36, na nguvu ya pigo lake ni mara nne. Kwenye udongo wenye kokoto umbali unazidi. Mwaka 2020, mawaziri waliokutana Stockholm walikubaliana juu ya kilomita 30 pale watu na magari wanapochanganyika mara kwa mara. Hata California, kule kule Marekani, ilibadilisha sheria mwaka 2021 ili miji iweze kushusha mwendo chini ya ile namba ya madereva.

Najua jibu la madereva: "Njia hii ina hatari, tukienda polepole tutaviziwa." Ni kweli, na hatuwaombi mtambae porini. Tunaomba pale penye watu peke yake. Kilomita moja kwa mwendo wa 60 ni dakika moja. Kwa 30 ni dakika mbili. Dakika moja tu! Mtoto aliyeponea panga asiuawe na gari kwa sababu ya dakika moja.

Kwa hiyo wenye mamlaka juu ya barabara wasituletee kibao tupu. Kibao peke yake hakishiki breki. Waje wahesabu watu: wangapi wanavuka, saa ngapi, wapi. Waweke 30 mbele ya shule, soko, visima na makao ya wakimbizi wa ndani, na matuta yanayoonekana hata usiku. Na polisi wa barabara wasimame hapo kulinda wanaovuka, si kukusanya franka.

Nanyi wazazi, wakuu wa kata na viongozi wa wakimbizi, msingoje. Hesabuni wenyewe kwa juma moja, andikeni, mpeleke. Safari hii aliyesahauliwa ahesabiwe kwanza.