Upindo wa bibi harusi si picha ya ukutani

Katika vijiji vya Attica, pembezoni mwa Athens, bibi harusi wa karne ya 19 alivaa gauni refu jeupe liitwalo foundi. Uhondo wote ulikuwa chini, kwenye upindo: hariri nyekundu, na kwa wenye uwezo nyuzi za dhahabu, zimetariziwa zikabanana hata kitambaa hakionekani. Juu yake likaja koti la sufu lisilo na mikono, na kifuani safu za sarafu.

Pindo nyingi za Ugiriki zimefika makumbusho zikiwa vipande. Wauzaji wa vitu vya kale walizikata, na sasa zinatundikwa kwenye fremu. Hapo ndipo maana inapopotea.

Mtu akiangalia kipande peke yake hubaki kubahatisha maumbo. Mwandishi Mary B. Kelly, kwa mfano, aliona katika tarizi za Balkani na visiwa vya Ugiriki sura ya mungu wa kike wa kale. Wazo linavutia, ila maua ya visiwani yanafanana mno na ya vigae vya Iznik, Uturuki, na kisiwa cha Krete kilikuwa chini ya Venice hadi 1669, kwa hiyo maumbo yaliweza kutoka nje. Fundi huweza kuiga ua kwa sababu limempendeza, basi.

Ushahidi mzito zaidi ni mahali nakshi ilipowekwa: upindo, ncha za mikono, shingo. Yaani penye mwanya, ambapo baya huweza kupenya. Katika kisiwa cha Rhodes, kitanda cha maharusi kilizungushiwa hema la kitani, sperveri, na nakshi nzito kuliko zote ilirundikwa mlangoni.

Mbishi atasema upindo ulipambwa kwa kuwa ndio uliochungulia chini ya koti. Sawa. Lakini Wagiriki wanaogopa kijicho, na siku ya harusi kijiji kizima humkodolea macho mtu mmoja. Panapoonekana ndipo panapohitaji kinga.

Mtafiti wa mavazi kutoka Marekani, Linda Welters, alipowahoji wanawake wazee vijijini, alisikia habari za mshipi mwekundu wa sufu uliohusishwa na uzazi salama. Hakuna fremu ambayo ingemwambia hayo.

Imani zenyewe hazijafa. Sheria ya 1983 ilifuta mali ambayo bibi harusi alilazimika kwenda nayo kwa mumewe, ila hadi leo ndugu na marafiki hutandika kitanda cha maharusi, wakakitupia pesa na kumbingirisha mtoto mchanga juu yake. Makumbusho nayo yarudishe nakshi mahali pake: upindo uvishwe sanamu, hema lirudi kitandani, na kibao kieleze nakshi ilikaa wapi mwilini kabla ya kutaja ni ua gani.