UCHAMBUZI: Mzigo wa elimu wamrudia mzazi kimyakimya

Waziri wa Fedha John Mbadi alipofika mbele ya Kamati ya Bunge kuhusu Elimu mnamo Julai 2025, alikiri jambo ambalo walimu wakuu walikuwa wakililalamikia kwa muda mrefu: serikali haimudu tena kutoa Sh22,244 zilizoahidiwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka. Bajeti, alisema, ingeweza kubeba takriban Sh16,900 pekee.

Kauli hiyo ilizua kilio, na baadaye serikali ikasisitiza kwamba elimu ya bure haijafutwa. Kisheria, ni kweli. Kifungu cha 53 cha Katiba kingali kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Hata hivyo, kifungu hakinunui chaki wala vifaa vya maabara.

Pengo la Sh5,344 kwa mwanafunzi mmoja ni zaidi ya Sh2.1 milioni katika shule yenye wanafunzi 400. Mwalimu mkuu hana pengine pa kuzitafuta ila kwa mzazi, na karo iliyopigwa marufuku hurejea kwa jina la mchango. Hivyo kodi hutozwa bila kujadiliwa bungeni, na mtozaji ni mwalimu.

Kenya imewahi kuipitia njia hii. Ada zilipoanzishwa katika hospitali za umma Desemba 1989 chini ya sera ya kugawana gharama, wagonjwa walipungua hadi serikali ikalazimika kusitisha baadhi yazo mwaka uliofuata. Karo ya shule za msingi nayo ilipoondolewa Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja wa ziada walijitokeza. Hao ndio waliokuwa wamefungiwa nje.

Mgala muue na haki yake mpe. Waziri alisema wazi kwamba fedha hazitoshi, na madeni ya taifa ni mazito. Lakini ikiwa lazima kupunguza, wabunge waamue hadharani ni kipi cha kukatwa, na waeleze kwa nini fedha za basari zilizotawanyika katika kaunti na maeneobunge zisiunganishwe kuziba pengo hilo.

Kupunguza mgao huku jina la elimu ya bure likihifadhiwa ni kumwachia maskini deni asilolijua. Kamba hukatikia pabovu, na hapa pabovu ni kwa mtoto ambaye mzaziwe hana mchango wa kutoa.