Kisukari Hakiulizi Kundi la Damu

Karatasi yenyewe niliichapa mimi. Naona niliseme hilo mapema, nisije nikajifanya malaika. Nafanya kazi kwenye duka la fotokopi hapa Tononoka, na wateja wangu wengi huja na hati za kiapo na nakala za vitambulisho. Siku hiyo aliingia bwana mmoja na flashi, akataka nakala mia mbili za jedwali lenye safu nne: A, B, AB na O. Kila kundi la damu na vyakula vyake vya kula na vya kuacha, na juu kabisa maandishi mekundu: TIBU SUKARI KWA DAMU YAKO. Nikachapa, nikapokea pesa. Nakala moja ilitoka na wino uliofifia. Badala ya kuitupa nikaikunja, jioni nikampelekea mamangu.

Mamangu ana kisukari aina ya pili, huu mwaka wa tisa. Damu yake ni O. Akavaa miwani, akaisoma safu yake mpaka chini.

"Mwanangu, kumbe mimi mtu wa nyama," akasema. "Na hizi mbaazi ndizo zinazonimaliza miaka yote hii!"

Tukacheka. Kesho yake mahamri yakatoka mezani, chapati zikatoka, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ikatoka. Mbaazi za nazi nazo zikafukuzwa. Badala yake mishkaki, maini, samaki na mchicha. Baada ya wiki mbili akajidunga kidole, mashine ikasoma 9, yeye ambaye alizoea kuona 13. Nilipigiwa dua siku hiyo mpaka nikaona haya.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Tunasema, "Si umeona? Inafanya kazi!" Ndiyo, ilifanya kazi. Lakini hebu tujiulize kilichofanya kazi ni kipi. Mtoe mtu yeyote wa Mombasa mahamri, chapati na chai ya sukari, awe O, awe B, awe hajui hata kundi lake, sukari itashuka. Damu imepewa sifa ya kazi iliyofanywa na sahani.

Makundi haya ya damu yaligunduliwa na Karl Landsteiner kule Vienna mwaka 1901, na yana kazi yake ya maana. Siku ukihitaji kuongezewa damu, kundi ndilo linaloamua uishi au ufe. Mama mjamzito naye huangaliwa Rhesus. Hadithi ya kwamba kila kundi lina chakula chake ilipata umaarufu mwaka 1996, pale Mmarekani mmoja, Peter D'Adamo, anayetibu kwa njia za asili, alipotoa kitabu chake *Eat Right 4 Your Type*. Kwa maelezo yake, O ni damu ya wawindaji wa kale, basi ale nyama aache ngano na maziwa. A ni ya wakulima, ale mboga na nafaka. B ni ya wafugaji, anywe maziwa, lakini kuku aachane naye. Ukipuuza, ati lektini zilizomo kwenye chakula zitagandisha chembe za damu yako.

Ni hadithi tamu, lakini haishiki. Makundi ya A na B wanayo hata baadhi ya nyani wakubwa, kwa hivyo ni ya zamani kuliko shamba la kwanza na zizi la kwanza la binadamu. Na zile lektini kali za maharagwe huharibika yakichemshwa mpaka yakaiva. Sasa mimi nauliza, nani Mombasa anatafuna maharagwe mabichi?

Tena hadithi hii imepimwa. Mwaka 2013 watafiti waliopitia tafiti zilizokuwepo walitoka mikono mitupu, hawakuona ushahidi kwamba kula kwa kundi la damu kunaleta faida yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto waliwaangalia watu 1,455. Waliokula kwa mtindo wa "A", yaani mboga na nafaka kwa wingi, walikuwa na viuno vyembamba na shinikizo la damu la chini. Lakini ilikuwa hivyo hivyo kwa wenye damu A na wasio nayo. Ulaji ulisaidia, kundi halikuongeza kitu. Baadaye Marekani, watu wenye uzito mkubwa walikula vyakula vya mimea vyenye mafuta machache kwa wiki 16. Wenye A hawakufaidika kuliko wengine, wala O hawakuambulia pungufu.

Nisifiche la upande wa pili. Kuna utafiti mkubwa wa Ufaransa, wa wanawake zaidi ya 80,000, ulioonyesha kwamba wenye damu O walipata kisukari aina ya pili kidogo kuliko wengine. Wauza majedwali hulipenda sana hili. Lakini utafiti huo unazungumzia nani ana uwezekano wa kuugua. Haukusema kamwe O ale nini na B aache nini. Kuwa na damu fulani ni jambo moja, na kuandikiwa chakula kwa damu hiyo ni jambo jingine. Na mamangu, mwenye O yake, kisukari kilimpata vile vile.

Kuna atakayesema, "Sasa tatizo liko wapi? Si sukari ilishuka?" Tatizo nililiona kwa macho yangu. Mama alipoamini kuwa damu ndiyo imempa nafuu, vidonge akaanza kuviona mzigo. Vya mara mbili kwa siku vikawa mara moja, kisha vikawa vya siku anazokumbuka. Hakuniambia. Nyama ni ghali, kwa hiyo mwezi ulipofika katikati ikabaki mifupa ya supu na wali kando, maana wali haukuwa kwenye orodha yake ya haramu. Mbaazi, zenye protini na nyuzinyuzi, ambazo hupandisha sukari polepole kuliko wali mweupe, ndizo zilizokuwa marufuku! Mwezi wa tatu mashine ikasoma 17, na kwenye kidole cha mguu kukawa na kidonda asichokumbuka alikipata wapi. Kilichukua wiki saba kupona. Nilikuwa nakisafisha mimi kila usiku, na ile karatasi bado iko ukutani jikoni, imebandikwa kwa selotepu ya dukani kwangu.

Sasa nije kwenye kinachonikera zaidi, na wala si yule bwana wa flashi peke yake. Mamangu si mjinga. Alishika jedwali kwa sababu ndilo lililokuwa la kwanza kuzungumza naye yeye. Kliniki alipangwa foleni tangu alfajiri, akapewa dakika tano na sentensi moja: "Mama, punguza wanga." Wanga upi? Kiasi gani? Na mwezi wa Ramadhani, futari imejaa kaimati, tambi na viazi karai, afanyeje? Hakuna aliyemwambia. Karatasi ya uongo ikaja na jina lake, O, na ikamjibu kila swali. Wenye ukweli wakinyamaza, mwenye uongo hujaza ukurasa mzima.

Basi tujaze ukurasa sisi. Wataalamu wa lishe wana kipimo kisichouliza damu. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, bamia, kabeji au biringani. Robo iwe wanga, na wali wa nazi ni wanga, chapati ni wanga, muhogo ni wanga. Robo iwe samaki, kuku, maharagwe au mbaazi. Sukari kwenye chai ipungue mpaka iishe. Mahamri yabaki ya siku moja moja, yasiwe ya kila asubuhi. Kutembea baada ya kula kunasaidia, hata kama ni kuuzunguka uwanja wa Tononoka. Na vidonge haviachwi wala havipunguzwi bila daktari, hata mashine isome vizuri vipi. Uzuri mwingine ni kwamba nyumba nzima inaweza kula kutoka sinia moja. Jedwali la damu lingetutaka watu watano tupike vyungu vitatu.

Na sisi vijana tuna letu. Sisi ndio tunaochapa, tunaosambaza kwenye magrupu ya familia, tunaowasomea wazazi kwa sauti. Kabla hujatuma, uliza swali moja tu: ushauri huu ukimkuta mzee anayemeza dawa, utamfanya nini?

Mbaazi zimerudi kwetu, na tui limepunguzwa. Mama anakula na kipande cha mkate wa mofa, halafu ananiangalia. "Na wewe ndiye uliyeniletea ile karatasi," ananiambia. Sina jibu.

Mwezi uliopita yule bwana alirudi, anataka nakala mia tatu. Nikamweleza kisa cha mguu wa mamangu, nikamrudishia flashi yake. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa pole. Kisha akavuka barabara, akaingia duka la pili.