Tung'oe Pampu, Tufukue Bomba

Wiki iliyopita maji yalirudi mtaani kwetu, Dar es Salaam, baada ya mgao. Watu wakatoka na ndoo na madumu, wengine wakipiga vigelegele. Ndoo za mwanzo zilijaa maji ya kahawia yanayonuka choo. Wako walioyamwaga. Wako waliosema yakitulia yatafaa, wakayafunika. Siku chache baadaye foleni ya kinamama wenye watoto wanaoharisha ilifika nje ya mlango wa zahanati.

Tukamchukua fundi, tukalifuata bomba. Nyuma ya soko tulilikuta limelala ndani ya mtaro, na kiungio chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mpira umelegea, na juu yake kinapita kinyesi kilichofunguliwa usiku wakati wa mvua.

Sababu zinajulikana. Bomba lenye presha likitoboka, humwaga maji nje. Maji yakikatika, linavuta ndani chochote kilicho jirani. Ukiongeza na pampu iliyoungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, unaunyonya mtaro wenyewe.

Na maji haya yalitoka mtamboni yakiwa salama! Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, wa Ruvu Juu milioni 196. Huko tope linagandishwa kwa dawa, linatuamishwa, maji yanachujwa na kutiwa klorini. Kazi yote hiyo inakuja kufia kwenye mpira wa baiskeli. Mwaka 2022 Mto Ruvu unaolisha mitambo hiyo ulipopungua tukalaumu ukame, na sasa tunalisubiri bwawa la Kidunda lituhifadhie maji ya mto huo. Lije, tunalihitaji. Ila hakuna bwawa litakalokuja kukaza kiungio cha mtaroni.

Wahusika wa bomba lile walipigiwa simu, wakajibu kwamba taarifa imepokelewa. Imepokelewa na nani, ikawekwa wapi? Anayefungulia choo mtaroni tunamjua. Mwenye pampu tunamjua pia, tena tunamwamkia kila asubuhi. Mtoto wa jirani anapotundikiwa dripu, sote tuliokaa kimya tuna mkono wetu pale.

Basi tufanye hivi.

Mwenye pampu aing'oe kwenye bomba la mtaa leo. Ajenge tanki la chini, maji yaingie kwa nguvu yake yenyewe, kisha apandishe juu kutoka humo. Asiye na uwezo wa tanki achangiwe na majirani, lakini pampu ing'oke.

Maji yakirudi baada ya mgao, yale ya mwanzo yasiingie tankini. Yaachwe yatoke mpaka yatakate. Na tanki lenyewe lifunguliwe: panda, chungulia, utaona tope la kidole kizima na mjusi aliyeoza. Likaushwe, lisuguliwe, litiwe klorini, lisuuzwe, lifunikwe.

Ya kunywa tuyachemshe mpaka yatokote, au tuyatie dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kusubiri nusu saa. Yakiwa na tope, yatuame na kuchujwa kwanza, maana tope hula nguvu ya dawa.

Tudai klorini ipimwe bombani kwetu, siyo mtamboni tu. Ikishuka chini ya miligramu 0.2 kwa lita, kinga haitoshi tena. Majibu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kila mtu ayasome. Viongozi nao tuwabane, kila mmoja kwa nafasi yake, mpaka wachoke kutuona.

Ndugu zangu, kipindupindu hakiulizi nani ana simtanki na nani anachota kwa dumu. Nawasihi: Jumamosi hii, saa moja asubuhi, kila nyumba itoe mtu mmoja, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Tuyatoe mabomba mtaroni, tuziorodheshe pampu zote mlango kwa mlango, kisha twende kwa miguu mpaka ofisini kwa wahusika na orodha yetu mkononi. Na tusiondoke pale mpaka fundi wao apande gari pamoja nasi.