Mifupa: protini inayoamua kama seli itajenga ao hapana

Wengi wanazania mfupa ni kitu kikavu, kama mti. Lakini ndani yake kuna seli hai: moja zinajenga, zingine zinabomoa, kila siku. Mtu akizeeka, zaidi mama aliyeacha kupata hedhi, ubomoaji unapita ujenzi. Njo maana mama mzee anaanguka kidogo tu, nyonga inavunjika.

Nani anaambia seli ijenge? Ujumbe unaletwa na protini ziitwazo Wnt. Zikifika kwenye seli, zinapaswa kushika vipokezi viwili kwa pamoja: Frizzled, na kipokezi-mwenza LRP5 ao LRP6. Ni mlango wenye kufuli mbili. Ukifungua moja tu, hauingii.

Uzito wa kipokezi-mwenza hicho ulijulikana kupitia familia. Mwaka 2001 ilionekana kwamba watoto ambao LRP5 yao imeharibika wana mifupa inayovunjika ovyo, na macho yao hayaoni. Mwaka 2002, huko Marekani, kukaonekana familia ambazo badiliko dogo katika LRP5 hiyo hiyo limewapa mifupa migumu sana.

Mfupa una pia breki: sclerostin, protini inayoshika LRP5 na LRP6 ili ujumbe usipite. Afrika Kusini, katika jamii ya wazungu wa asili ya Kiholanzi, kuna wachache waliozaliwa bila breki hiyo. Mifupa yao haivunjiki kirahisi, lakini fuvu linanenepa na kubana mishipa ya fahamu. Wengine wanakuwa viziwi, wengine wanakufa juu ya ubongo kubanwa.

Kutoka hapo ikapatikana dawa romosozumab, inayozuia sclerostin. Marekani iliikubali mwezi wa 4, 2019: sindano kila mwezi, miezi 12, kwa akina mama walioacha hedhi na wenye hatari kubwa ya kuvunjika. Lakini ina onyo kali: inaweza kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kwa mkaaji wa Kivu ao Ituri, mambo ni mawili. Mfupa mwingi siyo lazima mfupa muzuri. Anayeuza sokoni «dawa ya kuongeza mifupa» aulizwe inafanya nini mwilini. Tena, mfupa unaopata kazi unapunguza sclerostin wenyewe, na kulala kitandani muda mrefu kunaudhoofisha. Aliyevunjika aulize muganga mapema: siku gani nitaanza kusimama?